Gigabaiti Mia Moja na Themanini

3 Februari

Mpwa wangu,

Habari mpya kuliko zote ni ya jana mchana na imetolewa na mama yako: goti la kushoto limekataa ngazi. Amesema hatapanda tena juu ya paa kuanika nguo, na kama watu wa nyumba hii wanataka nguo kavu, wajue la kufanya. Watu wa nyumba hii ni yeye peke yake. Nimemfungia kamba uani. Mimi ni mzima, mafua yamekwisha.

Nina jambo linalohusu kazi yako. Kompyuta yangu ya nyumbani ina diski moja, na ndani ya diski hiyo kila kitu kimerundikwa pamoja. Nataka kuigawa sehemu mbili: moja aione yeyote atakayeketi mbele ya mashine, nyingine asiione. Niandikie hatua moja baada ya nyingine, kama unavyowaandikia wauguzi wa hospitali yenu wanapokwama. Sababu usiniulize.

Usinipigie simu kuhusu jambo hili. Simu ninayoshika ni ya ofisi, na hata mtandao unaoingia nyumbani kwangu ni wa ofisi. Wiki iliyopita mkuu wa maabara alinipa pole ya mafua tulipokutana kwenye korido. Wakati wa mafua nilikuwa likizo. Hakuna mtu wa ofisini niliyemwambia. Nilimwambia mama yako tu, kwa simu.

Mjomba wako


15 Februari

Shikamoo Mjomba Desimali,

Barua yako ilifika ikiwa imebandikwa stempu tatu zilizonyooka kama zimepigwa rula, nikajua ni wewe kabla sijasoma jina. Huku hatujambo. Mashine ya picha za mifupa ilizima siku mbili, na mimi ndiye niliyelaumiwa, ingawa panya ndiye aliyekula waya. Mama kaniambia habari za kamba. Anasema umeifunga juu mno, anaanika nguo akiwa amesimama kwa vidole kama mcheza dansi.

Sasa, mjomba, na umri huo unaficha nini? Picha za ujana? Haya, sikuulizi.

Hatua ni hizi. Kwanza nakili kila kitu kwenye diski ya nje, kisha uifungue nakala hiyo uone inasomeka. Usiamini tu kwamba imenakiliwa. Pili, fungua ukurasa wa usimamizi wa diski (nimekuchorea nyuma ya karatasi), bofya ile sehemu kubwa, chagua kupunguza. Itakuuliza upunguze kiasi gani. Utabaki na nafasi tupu, nyeusi. Tatu, kwenye nafasi hiyo tengeneza sehemu mpya na uifunge kwa neno la siri. Nne, iondolee herufi. Kila sehemu ya diski ina herufi yake, kama nyumba na namba ya mlangoni. Ukiiondoa, kompyuta haiionyeshi. Hakuna atakayejua ipo. Usifanye kazi hii umeme ukiwa wa kukatikakatika.

Na mimi nina swali dogo. Mama anasema unampelekea jerikeni mbili za maji kila Jumamosi. Mbona bomba la kwake linatoa maji?

Mpwa wako


4 Machi

Mpwa wangu,

Mama yako hajambo. Kamba nimeishusha sentimita kumi na mbili. Jirani yake wa kushoto amepata mjukuu wa pili, wa kike, kilo tatu na robo.

Nimefuata hatua zako. Ya kwanza imekwenda sawa. Ya pili imekataa: niliomba kupunguza gigabaiti mia moja na themanini, mashine ikasema mwisho wake ni arobaini. Diski ina nafasi tupu zaidi ya mia mbili na hamsini, nimehakikisha mara tatu. Nieleze kwa nini inakataa nafasi iliyo nayo.

Swali la pili. Faili ikihamishwa kutoka sehemu moja ya diski hadi nyingine, je, tarehe iliyoandikwa mara ya kwanza inabaki? Kwangu tarehe ni muhimu kuliko faili.

Msaidizi wangu wa maabara, yule binti mwenye mwandiko mzuri, amehamishiwa stoo ya mabomba. Hakuomba uhamisho. Sasa vipimo vyote napima peke yangu.

Mjomba wako


14 Machi

Shikamoo mjomba,

Hongera kwa jirani. Mimi nimehama chumba. Sasa naishi juu ya duka la miwani, nikifungua dirisha naona bango la jicho moja kubwa linaniangalia nikipiga mswaki.

Mashine yako haina kiburi, ina mafaili yasiyohamishika. Yamekaa katikati ya diski, na diski hupunguzwa kuanzia mwisho kurudi nyuma, kwa hiyo ikifika kwenye hayo inasimama. Zima mambo mawili niliyokuandikia kwenye kikaratasi cha njano, uiwashe upya, upunguze, kisha uyarudishe.

Tarehe: ukinakili, tarehe ya faili kuzaliwa hubadilika na kuwa ya siku uliyonakili, lakini tarehe ya mwisho wa kuandikwa hubaki. Usifungue na kuhifadhi tena. Ukihifadhi tena, umeifuta tarehe kwa mkono wako.

Swali la maji hukulijibu. Nimemuuliza mama mwenyewe. Anasema alikwambia hana shida, yeye huchemsha maji ya bomba, nawe ukamjibu asichemshe, kuchemsha hakusaidii. Kisha ukabadilisha mazungumzo ukaanza kusifu mapazia.

Mjomba, ni kitu gani hicho kisichotoka kwa kuchemshwa?

Mpwa wako


30 Machi

Mpwa wangu,

Mama yako amenunua viatu vya soli pana na goti limetulia kidogo.

Kikaratasi cha njano kimefanya kazi. Diski imegawanyika. Sehemu ya kwanza ni mia mbili themanini na tano, ya pili mia moja na themanini. Ya pili ina neno la siri na haina herufi. Nimezima na kuwasha mara nne, haionekani. Ile nakala ya diski ya nje nimeifuta; vitu viwili ni vigumu kuficha kuliko kimoja.

Kuhusu swali lako: maji yakichemshwa hupungua, na baadhi ya vilivyomo havipungui. Basi kila yanapozidi kuchemka, hivyo huzidi kwa kila kikombe. Ulisoma sayansi. Inatosha.

Mjomba wako


8 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Sisi wazima, na jicho la dukani bado linanikodolea.

Haitoshi. Nimekwenda kwa mtu wa maabara yetu hapa hospitali, nikamwekea maneno yako bila kutaja jina. Hakufikiri hata kidogo. Alisema, "Hiyo risasi. Siyo ya bunduki, dada, ya mabomba ya zamani." Akaniambia huingia mwilini polepole, haina ladha wala harufu, na watoto ndio huumia zaidi, tena kichwani, kwenye kujifunza. Nilimuuliza inatibiwaje. Alisema, "Kwanza mtu aache kuyanywa."

Kwa hiyo naomba majibu matatu, na unijibu kama unavyojaza fomu. Ni nyumba ngapi ziko kwenye laini hiyo ya bomba? Ripoti zinazobandikwa kwenye ubao wa idara yenu ya maji zinasemaje? Na nani anazitia saini?

Mpwa wako


2 Mei

Mjomba,

Hujajibu. Wiki tatu na siku tatu sasa. Mama anasema Jumamosi mbili hukuonekana, na ya tatu ulikuja mikono mitupu, ukakaa dakika kumi, ukamwomba asinywe maji ya bomba, ukaondoka. Alikuuliza kuna nini, ukasema uchovu. Hujawahi kuchoka tangu nizaliwe.

Andika hata mstari mmoja.

Mpwa wako


6 Mei

Mpwa wangu,

Barua zako mbili nimezipata siku moja. Ya kwanza ilikuwa imefunguliwa na kubandikwa upya kwa gundi ya ofisini. Kuanzia sasa tuma kwa basi, mama yako ataipokea stendi. Naye hajambo.

Jumanne tarehe 22 Aprili, saa tano asubuhi, mkuu wa maabara alifika nyumbani kwangu na fundi wa ofisi. Mkuu huyu nilimfundisha kazi mimi mwenyewe; alikuja akiwa hajui kushika chupa. Bado ananiita mwalimu. Alisema wamekuja kuweka antivairasi mpya kwenye mashine zote zinazotumia mtandao wa idara. Nikawakaribisha.

Unajua tabia yangu. Maabarani, kila chupa hubandikwa karatasi: ujazo, tarehe, herufi za mpimaji. Nyumbani pia nabandika, hata kopo la sukari. Kompyuta niliibandika siku niliyoinunua: "Diski, jumla 465." Karatasi iko ubavuni hadi leo. Sikuifikiria.

Fundi alimaliza kazi yake akanyanyuka. Mkuu hakunyanyuka. Alisoma karatasi, akatazama kioo.

"Mwalimu, hapa umeandika mia nne sitini na tano."

"Ndiyo."

"Mashine inasema mia mbili themanini na tano."

"Naona."

"Wewe ndiye uliyenifundisha, chupa ikipungua hatuandiki kwanza, tunauliza kwanza. Mia moja na themanini zimekwenda wapi?"

Nikasema sehemu hiyo imeharibika, haisomeki. Akacheka vizuri kabisa, akanipiga bega. "Basi tukubadilishie diski. Ofisi itatoa mpya. Hii ya zamani tutakusaidia kuitupa." Watakuja tarehe 20 Mei.

Sasa majibu. Nyumba ni mia mbili na kumi na mbili, pamoja na shule moja ya msingi. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa ni maikrogramu kumi kwa lita. Kipimo cha kwanza kilichozidi nilikipata Jumanne tarehe 16 Januari mwaka jana: thelathini na nane. Tangu hapo hakijashuka chini ya thelathini na tano. Cha mwezi uliopita ni hamsini na mbili. Ripoti kwenye ubao husema sita, kila mwezi. Ripoti ni kumi na sita.

Saini ni yangu.

Mwezi wa kwanza mkuu aliniambia mashine ya kupimia ni mbovu, tuandike sita hadi itengenezwe. Nilimwamini. Mwezi wa pili niliona afadhali kumwamini. Kuanzia wa tatu sikuwa na kisingizio, nilitia saini tu. Vipimo vya kweli nilivihifadhi nyumbani kila mwezi, siku ileile. Sijui nilikuwa namhifadhia nani.

Nina swali moja la kiufundi. Nikiifuta hiyo sehemu ya pili na kuirudisha diski kuwa moja, je, vilivyokuwamo vinaweza kupatikana tena?

Mjomba wako


13 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Salamu za nyumbani leo ziwe fupi.

Jibu la kiufundi: ukiifuta sehemu na usiandike kitu juu yake, mtu mwenye ujuzi kama mimi na mwenye neno la siri huenda akavipata. Ukiandika juu yake, hakuna. Umeniuliza swali hilo kwa sababu moja kati ya mbili, na zote mbili nazijua. Usiifute.

Kosa la karatasi ni lako, kosa la hesabu ni langu. Nilikwambia hakuna atakayejua. Kuondoa herufi kunaficha mlango, hakufichi ukubwa wa nyumba. Kitu hicho namfundisha mwanafunzi siku ya kwanza, na wewe sikukwambia kwa sababu nilidhani unaficha picha.

Jingine. Nimeongea na mama juzi, kwa simu ya jirani. Nilimuuliza jerikeni za kwanza zilikuja lini. Akasema siku aliyong'olewa jino, kwa kuwa alishindwa kukushukuru, mdomo ulikuwa umekufa ganzi. Kadi ya daktari wa meno anayo. Ni Jumamosi tarehe 20 Januari mwaka jana. Siku nne baada ya kipimo chako cha kwanza. Umeniandikia kwamba mwezi ule uliamini mashine ni mbovu. Mtu anayeamini mashine ni mbovu hambebei dada yake maji.

Sikusemi ili kukuumiza. Nakusema kwa kuwa utaulizwa, na afadhali uulizwe na mimi kwanza.

Nilimweleza mama yote. Akauliza, "Na yule mjukuu wa jirani, maziwa yake yanakorogwa na maji gani?" Alikata simu, na jirani mwenye simu anasema alikwenda palepale kugonga mlango wa yule wa kushoto.

Fanya hivi. Zima mashine, chomoa waya wa umeme. Fungua ubavu wenye ile karatasi. Diski ni kisanduku cha chuma chenye ukubwa wa kitabu cha mfukoni, skrubu nne, waya mbili. Ifunge kwenye taulo kavu, isigongwe, isisogezwe karibu na sumaku, unitumie kwa basi. Isiwe tarehe ishirini. Iwe kabla.

Mpwa wako


21 Mei

Mpwa wangu,

Mama yako haongei nami. Anapokea barua zako na kunipa mlangoni. Goti lake silijui.

Tarehe zako ni sahihi. Nilijua tangu siku ya kwanza. Niliandika vingine kwa sababu kuandika hivyo kulikuwa rahisi, na nimezoea.

Kifurushi kiliondoka na basi la Jumatatu tarehe 19, saa kumi na mbili asubuhi, kwa jina lako la utotoni. Neno la siri nimemwachia mama yako kwenye kipande cha karatasi. Anadhani ni namba ya mita ya umeme. Muulize akusomee, uandike kama lilivyo.

Jana walikuja kama walivyopanga. Mkuu, fundi, na mtu wa tatu ambaye hakujitambulisha na hakuketi. Fundi alifungua ubavu, akachungulia, akamtazama mkuu.

"Mwalimu, humu hamna diski."

"Ilikuwa mbovu. Nimeitoa."

"Iko wapi?"

"Kwa fundi."

"Fundi gani? Fundi si huyu hapa?"

"Yupo mwingine. Wa mbali."

Mkuu hakucheka safari hii. Alisema kwa sauti ya chini, ile niliyomfundisha kutumia karibu na mizani, "Mwalimu, zile ripoti zina saini moja tu. Siyo yangu."

Nikamwambia saini yangu naijua ilipo.

Mtu wa tatu alikuwa amesimama karibu na meza. Bahasha yako ya tarehe 13 ilikuwa juu yake, mgongo juu. Hakuigusa. Aliisoma tu anwani ya mtumaji, akatoka nje kuwasubiri wenzake. Hilo naliripoti kwa sababu ni lako pia.

Leo asubuhi nimesimamishwa kazi. Nimekwenda moja kwa moja kwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi na kumweleza. Alifunga bomba la uani kwa mkono wake mwenyewe watoto wakiwa wamepanga foleni. Ameitisha mkutano wa wazazi na wakazi, Jumamosi tarehe 7 Juni. Ameniomba nisome vipimo vyote, mwezi kwa mwezi. Nimekubali. Lakini bila diski ni maneno ya mtu aliyesimamishwa kazi.

Mjomba wako


2 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Nakuandikia kwa anwani yako kwa sababu sina nyingine. Jana mama amenieleza kwamba mlango wako umefungwa kwa kufuli tangu Alhamisi. Kufuli si lako. Lako ni la shaba, hili ni jeusi. Jirani wa mbele amesema ulitoka saa tatu asubuhi na watu wawili, umevaa koti la kazini, ukamwambia unakwenda kutoa maelezo na utarudi kula mchana. Mama amekwenda idara ya maji mara mbili. Getini wanasema mtu wa jina hilo hafanyi kazi hapo. Kituo cha polisi wanasema hawana maelezo yoyote. Sasa anaongea habari zako asubuhi na jioni, na kila akimaliza anasema bado amekukasirikia.

Kifurushi kilifika salama. Mama alinisomea "namba ya mita" mara tatu kwa sababu kila mara aliruka tarakimu moja. Sehemu imefunguka. Majedwali yapo, kumi na sita, na tarehe hazikuguswa. Nimetengeneza nakala tano. Moja anayo mtu wa maabara yetu, moja iko kwenye basi kwenda kwa mwalimu mkuu, tatu sitaandika zilipo.

Ndani yake nimekuta pia picha za zile ripoti zilizobandikwa, umeziweka kila moja kando ya jedwali lake. Saini inaonekana vizuri. Ungeweza kuziacha hizo picha. Hukuziacha.

Ijumaa watu wawili walifika hospitalini kuuliza fundi wa kompyuta anaishi wapi. Mtu wa mapokezi aliwaambia naishi juu ya duka la miwani, kwa wema wake. Sijarudi huko tangu siku hiyo.

Nitashuka stendi Ijumaa tarehe 6, saa kumi jioni. Mama atanipokea pamoja na jirani wa kushoto na mwanawe, baba wa yule mtoto. Mkutano ni Jumamosi saa nne asubuhi, uwanja wa shule. Ukiwepo, utasoma wewe. Usipokuwepo nitasoma mimi, kuanzia tarehe 16 Januari, safu zote mbili, ya kweli na ya ubaoni, na kila mwisho wa mwezi nitalisoma na jina lako.

Mpwa wako